Porchetta ya nyumbani na mboga chungu za Roma: mwongozo kamili wa kuoka nyama ya nguruwe iliyojazwa viungo

Katika mji wa Ariccia, ulio kwenye vilima vya Colli Albani, kama kilomita 25 kusini-mashariki mwa Roma, nguruwe mzima hutolewa mifupa yote, hupakwa chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu na rozimari upande wa ndani, hushonwa na kufungwa kwa kamba, kisha huokwa kwa muda mrefu mpaka ngozi yake iwe na rangi ya shaba na kuvunjika kama kigae. Hiyo ndiyo porchetta, na hutamkwa porketa. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliipa porchetta ya Ariccia alama ya IGP, inayolinda majina ya vyakula vilivyofungamana na mahali vinapotengenezwa, na masharti ya alama hiyo yanataka hata nguruwe mwenyewe awe jike. Ukienda kaskazini mpaka mkoa wa Umbria, rozimari humpisha shamari mwitu, na ndani ya nguruwe huwekwa pia ini na viungo vingine vya ndani vilivyokatwakatwa. Watu wa Norcia, mji ulioko Umbria hiyo hiyo, walisifika kwa kazi hii kiasi kwamba neno norcino, yaani mtu wa Norcia, likageuka kuwa jina la fundi yeyote wa kuchinja nguruwe na kutengeneza nyama yake.

Nyumbani hatuoki nguruwe mzima. Tunachukua nyama ya tumboni yenye ngozi, tunaizungusha juu ya nyama ya mgongo, na kupata gogo moja linaloingia kwenye oveni ya kawaida. Waitalia wenyewe huliita tronchetto, yaani gogo dogo. Nimelipika gogo hili mara nyingi, na jambo ninalotaka msomaji alishike tangu sasa ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla moto haujawashwa. Chumvi ikienea vizuri, ngozi ikikaushwa kwa siku mbili na mkunjo ukipimwa sawasawa, oveni itamalizia tu. Yakikosekana hayo, hakuna moto utakaoyarekebisha. Kwa sababu hiyo, anayetaka kula Jumapili mchana aanze Ijumaa jioni.

Nyama ya kununua

Agiza nyama siku tatu au nne kabla, kwa sababu pande linalotakiwa si lile ambalo wauza nyama wengi huliweka mezani. Unahitaji vipande viwili. Cha kwanza ni nyama ya tumboni, ile inayotengenezewa bekoni, ikiwa pande moja zima lisilo na mbavu na ambalo ngozi yake haijachunwa. Pande lenye urefu wa sentimita 45, upana wa sentimita 30 na unene wa sentimita mbili na nusu hivi litakuwa na uzito wa kilo tatu na nusu. Cha pili ni nyama ya mgongo isiyo na mfupa, yaani ule msuli mrefu unaokatwa chopsi, kipande chenye urefu wa sentimita 30 na kipenyo cha sentimita 7, ambacho uzito wake ni kama kilo moja na gramu 200. Vyote viwili vinakaribia kilo 4.7 na vinatosha watu 14.

Kwenye bucha za kitimoto nyama mara nyingi hukatwakatwa vipande vidogo vya kukaanga au kuchoma, kwa hiyo mweleze muuza nyama waziwazi kwamba unataka pande zima na ngozi yake, tena umwambie ni la kukunja, kwa sababu fundi akijua litakavyotumika atakata kingo zilizonyooka bila kuombwa mara ya pili. Tafuta muhuri wa mkaguzi wa nyama, na uiangalie nyama yenyewe ukiwa mwangani. Vijifuko vyeupe vyenye ukubwa wa punje ya mchele katikati ya nyuzi za nyama ni mabuu ya tegu, na nyama yenye vijifuko hivyo hainunuliwi hata ikiuzwa kwa bei ya chini namna gani.

Ukifika nyumbani, pitisha kiganja juu ya ngozi kinyume na mlalo wa vinyweleo. Vilivyobaki viunguze haraka kwa mwali wa gesi, halafu ukwangue kwa kisu na kuifuta ngozi kwa kitambaa chenye unyevu. Ni kazi ya dakika tano, lakini asiyeifanya atakumbushwa na kila mla chakula mezani.

Viungo

Chumvi ndiyo inayopimwa kwa mizani wala haikadiriwi kwa mkono. Weka gramu 15 kwa kila kilo ya nyama, yaani gramu 70 kwa gogo hili, zote zikiwa za upande wa ndani. Chumvi ya kupaka juu ya ngozi ni nyingine, vijiko vidogo viwili. Gramu 70 zikimwagwa kwenye bakuli huonekana nyingi mno, na wapishi wengi hushtuka wakapunguza, kisha huishia na nyama ambayo pembeni ina ladha na katikati haina kitu. Zisipunguzwe.

Viungo vingine ni vijiko vikubwa vitatu vya mbegu za shamari, vijiko vikubwa viwili vya pilipili manga nzima, chembe kumi za kitunguu saumu, majani ya matawi sita ya rozimari, vijiko vikubwa vitatu vya mafuta ya zeituni, na glasi kubwa ya mvinyo mweupe mkavu ambayo itamiminwa kwenye sinia wakati wa kuoka. Shamari hupatikana katika maduka ya viungo, na asiyezizoea asizichanganye na bizari nyembamba, kwa kuwa mbegu za mimea hii miwili hufanana kwa umbo. Pua itaamua, maana shamari ina harufu tamu inayokaribia ile ya peremende, ilhali bizari nyembamba ina harufu ya pilau. Ukipenda mtindo wa Umbria, ongeza gramu 200 za ini la nguruwe lililokatwakatwa laini sana. Mimi huliweka, kwa sababu ini huipa nyama ya mgongo, ambayo haina mafuta mengi, uzito wa ladha usiopatikana kwa kiungo kingine, lakini mlo hauharibiki bila hilo. Wapo wanaotia ganda la limau lililokwaruzwa na hata matunda yaliyokaushwa. Ganda la limau sina ugomvi nalo. Matunda huigeuza porchetta kuwa chakula kingine.

Kwa asiyekula nguruwe, viungo hivi havimpiti. Katika mikoa ya Umbria na Marche neno porchetta limekuwa pia jina la mtindo wa kukoleza, na sungura, kuku au bata huweza kupikwa "in porchetta", yaani kujazwa kitunguu saumu na shamari mwitu kisha kuokwa. Sungura mmoja au kuku aliyetolewa mifupa atahitaji robo tu ya vipimo vilivyotajwa hapa, na chumvi yake ni ile ile ya gramu 15 kwa kilo.

Ijumaa jioni: kukoleza, kupima na kufunga

Kaanga mbegu za shamari na pilipili manga kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, kwa dakika mbili au tatu, ukitikisa mpaka harufu ipande. Zitwange kwenye kinu kidogo mpaka zivunjikevunjike bila kuwa unga, kwani unga hupotea ndani ya mafuta ilhali vipande hubaki vikigusa ulimi. Ponda kitunguu saumu pamoja na kijiko kimoja cha ile chumvi iliyopimwa, changanya na rozimari iliyokatwa laini, kisha utie mafuta ya zeituni ili mchanganyiko ushikane. Chumvi iliyobaki iache pembeni kwanza.

Sasa pima mkunjo, na hatua hii naomba isirukwe. Laza nyama ya tumboni mezani, ngozi ikitazama chini na ule urefu wa sentimita 45 ukielekea kwako. Weka nyama ya mgongo kwenye ukingo ulio karibu nawe, ukiilaza kushoto kwenda kulia, kisha uviringishe vyote kama unavyokunja mkeka, kabla ya kutia kiungo chochote. Nyama ya tumboni itaizunguka ile ya mgongo mara moja, na sentimita 6 au 7 zitabaki zikipandana. Mahali hapo ambapo ngozi ingeingia chini ya ngozi nyingine, tia alama kwa ncha ya kisu, kunjua gogo, na uchune ngozi yote ya sehemu ile itakayofichwa, ukiacha mafuta na nyama yake. Mara ya kwanza nilipooka gogo hili sikujua jambo hilo. Kwa nje lilipendeza, lakini nilipokata kipande cha kwanza nilikuta ukanda wa kijivu ukipita katikati ya nyama, mgumu kama mpira, ambao kisu chenyewe kiliukwepa. Ngozi iliyozungukwa na nyama pande zote haipati hewa kavu wala moto mkali, na hata ikae ndani ya oveni mchana kutwa haitakauka. Ile iliyochunwa usiitupe, kwani ikichemshwa pamoja na maharage huupa mchuzi uzito mzuri.

Baada ya hapo chanja upande wa nyama, si wa ngozi, kwa mistari ya mshazari yenye kina cha nusu sentimita na nafasi ya sentimita mbili kati ya mstari na mstari, ili viungo vipate mahali pa kuingia. Nyunyiza chumvi ukiwa umeinua mkono juu ili ienee, theluthi mbili kwenye nyama ya tumboni na theluthi moja kwenye nyama ya mgongo, kisha paka mchanganyiko wa viungo ukiusukuma ndani ya michanjo kwa vidole. Kama unatumia ini, litandaze mwishoni kwa tabaka jembamba, ukiacha sentimita tatu tupu kwenye kila ukingo ili lisitoke nje wakati wa kukunja.

Viringisha kwa kubana, mshono ukae chini, na ufunge kwa uzi mnene wa pamba usiotiwa rangi. Anza kufunga katikati, kisha ncha zote mbili, halafu ujaze nafasi zilizobaki, uzi mmoja kila baada ya sentimita tatu, kwa jumla kama kumi. Ukianzia ncha moja na kwenda moja kwa moja, nyama husukumwa upande mmoja na gogo likawa na kichwa kikubwa na mkia mwembamba, nalo haliivi kwa pamoja. Fundo la kwanza lizungushwe mara mbili badala ya mara moja. Mzunguko huo wa pili huushika uzi usilegee wakati vidole vinakwenda kufunga fundo la juu.

Linalofuata ni ngozi. Chukua sindano nene, au ncha ya kisu kidogo chenye makali, utoboe ngozi yote vitobo vingi vinavyokaribiana, ukiishia kwenye mafuta bila kuifikia nyama. Wengi huchanja ngozi kwa mistari mirefu, na njia hiyo hukubali ikiwa mkono ni mwepesi, ila kisu kikiigusa nyama, maji ya nyama hupanda kupitia mchanjo na kulainisha ngozi palepale inapotakiwa kukauka. Paka vijiko vidogo viwili vya chumvi juu ya ngozi, weka gogo juu ya wavu wa chuma ndani ya sinia, na uliingize kwenye friji bila kulifunika, kwenye rafu ya chini kabisa ili lisidondoshee vyakula vingine.

Likae humo mpaka Jumapili asubuhi. Jumamosi utoe mara mbili tu, asubuhi na jioni, ufute unyevu uliojitokeza juu ya ngozi kwa kitambaa safi. Ngozi ya nguruwe ina maji mengi na ile protini inayotengenezewa jelatini. Joto la taratibu huilainisha protini hiyo, kisha joto kali hugeuza maji machache yaliyobaki kuwa mvuke unaoivimbisha ngozi kama kaimati ndani ya mafuta. Maji yakiwa mengi, nguvu yote ya oveni huishia kuyakausha, na nyama iliyo chini yake hukauka kabla ngozi haijavimba. Jumapili asubuhi igonge ngozi kwa ukucha: ikilia kama ngozi ya ngoma, iko tayari.

Jumapili asubuhi: moto

Ikiwa mlo ni saa saba mchana, toa gogo kwenye friji saa moja na nusu asubuhi, ulifute chumvi iliyobaki juu, na uliache lipungue ubaridi wakati oveni inapata moto wa nyuzi 150 za Selsiasi. Saa mbili na nusu liingize, likiwa juu ya wavu na sinia yenye kina chini yake. Baada ya saa ya kwanza mimina mvinyo kwenye sinia, si juu ya nyama, na uongeze maji kidogo kila uonapo kwamba sinia inakaribia kukauka. Hakuna haja ya kuipakapaka ngozi mafuta au mchuzi, na kufanya hivyo kutaharibu kazi ya siku mbili zilizopita. Kila baada ya dakika 45 ligeuze gogo robo mzunguko ili mafuta yashuke sawasawa na pasiwe na upande uliolala chini muda wote.

Gogo lenye kipenyo cha sentimita 12 au 13 huchukua kati ya saa mbili na nusu na saa tatu kwa moto huo. Kinachoamua muda ni unene zaidi kuliko uzito, kwa maana gogo refu mara mbili lenye unene ule ule halihitaji muda maradufu. Kwa kuwa oveni hutofautiana, tegemea kipimajoto. Kichomeke kupitia ncha ya gogo, sambamba na urefu wake, mpaka kifike katikati ya nyama ya mgongo. Kikionyesha nyuzi 65, hatua ya kwanza imekwisha. Asiye nacho achome kijiti cha chuma hadi katikati, ahesabu kumi, akitoe na kukigusisha mdomo wa chini mara moja: kikiwa vuguvugu bado, kikiwa moto wa kukufanya ukiondoe haraka, imefika. Njia hiyo husaidia, lakini kipimajoto cha nyama ni kifaa cha bei nafuu kuliko nyama yenyewe, nami ningemshauri kila anayeoka mapande makubwa ya nguruwe awe nacho.

Toa gogo na sinia nje, umimine mchuzi wa sinia kwenye sufuria ndogo, kwa sababu ukiachwa utaungua na kuijaza nyumba moshi. Pandisha oveni hadi nyuzi 240 na usubiri ifike kweli. Usirudishe nyama mapema. Gogo likirudi ndani, liangalie kila baada ya dakika tano. Kwanza ngozi itang'aa, kisha vijipovu vidogo vitatokea karibu na nyuzi za kufungia, na ghafla sehemu nzima itavimba, itabadilika kutoka rangi ya asali hadi rangi ya shaba, na utasikia mlio kama wa mvua ya kwanza inapogonga bati. Sehemu iliyokwisha kuvimba ifunike kwa kipande cha karatasi ya aluminiamu na uigeuzie motoni ile iliyobaki nyuma. Dakika 25 hadi 30 hutosha. Wapo wanaoanza na moto mkali na kumalizia na mdogo. Nimejaribu njia zote mbili, na ninaona ngozi iliyovimba mwanzoni hurudi kuwa laini kiasi kwa mvuke wa saa mbili zinazofuata.

Katikati ya nyama sasa patakuwa karibu na nyuzi 70, na patafika 72 wakati gogo linapumzika mezani. Nyama ya mgongo peke yake ingeweza kuliwa ikiwa na joto la chini kidogo ya hapo, lakini gogo limekunjwa, na sehemu zilizokuwa za nje, zilizoguswa na mikono na visu, sasa ziko ndani, tena kuna ini; kwa hiyo nyuzi 72 ndizo ninazozisimamia. Joto hilo linatosha pia kumaliza hofu ya tegu. Lipumzike dakika 40 bila kufunikwa kwa chochote. Kifuniko hunasa mvuke, na mvuke huilegeza ngozi ndani ya dakika chache.

Asiye na oveni anaweza kuoka kwa makaa ya chini na ya juu, kama unavyopikwa mkate wa kumimina, katika sufuria nzito yenye mfuniko bapa. Atengeneze gogo dogo la kilo mbili, makaa ya chini yawe machache mwanzoni hadi mwisho, na yale ya juu ya mfuniko yaongezwe dakika 20 za mwisho, mfuniko ukiinamishwa kidogo ili mvuke upate njia ya kutoka. Ngozi haitavimba sawasawa pande zote, lakini ile ya juu huja vizuri kuliko watu wanavyotarajia.

Mboga chungu

Mafuta ya porchetta yanataka kitu cha kuyakata, na jiko la Roma lina jibu lake: cicoria ripassata, yaani majani machungu ya cicoria yaliyochemshwa, kisha "kupitishwa tena" kwenye kikaango chenye mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na pilipili kavu. Wahamiaji wa Kiitalia waliofika Philadelphia walikwenda na wazo hilo hilo, na mpaka leo mkate wa nyama ya nguruwe ya kuoka wa mji huo hujazwa pia majani machungu ya cime di rapa. Mboga tamu haiifanyi kazi hiyo. Karoti na viazi vilivyookwa hushibisha, lakini baada ya vipande viwili vya nyama ulimi huchoka.

Kwetu Afrika Mashariki cicoria ni adimu, lakini yupo ndugu yake wa damu. Mchunga, mboga inayojiotea mashambani na ambayo watu wa Pwani huipika kwa tui la nazi, umo katika ukoo ule ule wa mimea yenye utomvu mweupe. Ukivunja shina la mchunga na shina la cicoria utaona maziwa yale yale yakitoka, na uchungu wao hukaa mahali pamoja mdomoni. Kwa maoni yangu hakuna mboga ya nyumbani inayokaa vizuri zaidi kando ya nyama hii. Ukikosa mchunga, tumia mnavu, au sukuma wiki iliyokomaa kidogo, ukijua kwamba uchungu utapungua.

Kwa watu 14 chukua kilo tatu za majani mabichi. Yanaonekana mlima, lakini yatasinyaa hadi kujaa bakuli moja. Yaoshe kwa maji matatu ili mchanga uishe, utupe mashina magumu, kisha uyachemshe kwenye maji mengi yenye chumvi, sufuria ikiwa wazi, mpaka shina libonyezeke kwa vidole. Mchunga na cicoria huchukua kama dakika 10. Onja jani moja. Likiwa chungu kupita kiasi, mwaga maji hayo na uchemshe dakika mbili kwa maji mapya, lakini usiuondoe uchungu wote, kwa kuwa ndio tunaoutafuta. Chuja, acha yapoe, kisha uyakamue kwa mikono mafungu kwa mafungu mpaka yasitoe tone. Majani yasiyokamuliwa hugeuza kikaango kuwa sufuria ya supu, na kitunguu saumu hakipati nafasi ya kuiva.

Yakate vipande virefu kama kidole. Pasha vijiko vikubwa saba vya mafuta ya zeituni kwenye kikaango kipana, tia chembe sita za kitunguu saumu zilizopondwa kwa ubapa wa kisu na pilipili kavu mbili zilizovunjwa, na zikianza tu kupata rangi ya dhahabu weka majani. Yageuze kwa dakika nane au kumi kwa moto wa wastani, mpaka kingo chache zianze kukauka na mafuta yote yanywewe. Chumvi iongezwe mwisho, baada ya kuonja. Mimi hubadilisha kijiko kimoja cha mafuta ya zeituni kwa kijiko cha mafuta yaliyoenguliwa juu ya mchuzi wa sinia, na kwa njia hiyo mboga na nyama hufika mezani zikizungumza lugha moja. Kazi ya kikaangoni ifanyike wakati gogo linapumzika. Kuchemsha na kukamua kunaweza kumalizika hata Jumamosi.

Kukata na kupakua

Engua mafuta juu ya mchuzi ulioumimina kwenye sufuria, uuchemshe mpaka upungue nusu, na uuonje kabla ya kufikiria chumvi, kwa sababu umekwisha kupokea chumvi ya nyama. Kata nyuzi na uzivute taratibu ili zisiondoke na ngozi. Tumia kisu cha mkate chenye meno, uanze kwa kuikereza ngozi bila kukandamiza, na meno yakiisha kupita ndipo ukate nyama hadi chini kwa mkupuo mrefu. Ikiwa ya moto, vipande viwe na unene wa sentimita moja. Vikiwa vyembamba kuliko hapo, duara la nyama ya mgongo hubanduka kutoka kwa lile la tumboni. Mchuzi uwekwe chini ya nyama au pembeni, kamwe usimwagwe juu ya ngozi.

Katika Ariccia kwenyewe, hata hivyo, porchetta huliwa zaidi ikiwa imepoa, ikikatwa vipande vyembamba na kutiwa katikati ya mkate mgumu wa nje na laini wa ndani, pamoja na mvinyo wa vilima vile vile, ndani ya vibanda na mikahawa midogo iitwayo fraschette. Kwa hiyo kilichobaki Jumapili kisionekane kuwa kiporo. Kifunike vizuri, ukiweke kwenye friji kwa siku tatu, na ukikate kikiwa baridi kwa unene wa milimita mbili au tatu, ambapo viungo huonekana kama mistari ya kijani katikati ya nyama na mafuta. Ngozi iliyolegea itenganishwe, irudishwe kwenye oveni ya nyuzi 220 kwa dakika tano, kisha ivunjwevunjwe juu ya nyama hiyo baridi ndani ya mkate, pamoja na fungu la mboga chungu iliyobaki.